Hamira ya Sella

Joan, mbona hushiki simu? Sella amefukuzwa ploti! Mchana kweupe, majirani wote wakiangalia.

Si unajua ile hamira yake ya chuo, ile aliibadilisha jeni itengeneze asidi badala ya pombe? Stima ilipotea maabara, akaogopa itaharibika, akabeba chupa hadi kwake Kabiro bila kuambia mtu.

Harufu ikatoka. Landlord wake, Gikonyo, akagonga mlango. "Unapika chang'aa kwa nyumba yangu?"

Na Sella, badala ya kunyamaza, akasema, "Si pombe, mzee. Ni asidi."

Asidi, Joan! Alisema asidi mbele ya Mama Elvis! Yule jirani aliyemwagiwa usoni na bwanake. Mama Elvis hakupiga nduru. Alifunika shavu na leso, akarudi nyuma polepole mpaka ukutani.

Sella akaanza kubabaika. "Mama Elvis, ni kama ile ya maziwa mala tu! Ona!" Akachovya kidole, akalamba. Nani alikuwa anaangalia kidole?

Gikonyo akataka imwagwe kwa mtaro. Sella akakataa, akasema haifai kutoka nje ikiwa hai. Akawasha jiko, akaichemsha mwenyewe mpaka ikafa. Kazi yake yote, Joan. Na Gikonyo akamfukuza hata hivyo.

Saa hii amelala kwa kitanda changu. Profesa wake anapiga simu, hashiki. Anauliza kitu kimoja tu: "Mama Elvis ataniongelesha tena?"

Kuja tu.