Mstari Wako wa Mbali Haukuwa na Kosa

Mwaka umekatika, Baba Watoto, tangu ulipotuaga kule hospitali huku ukicheka, na mwaka mzima huo mimi mkeo nimekuwa nikimtazama kila mtu kwa jicho la pembeni. Leo tunakukumbuka hadharani, maana walioyasikia mabaya yako ni wengi, na ukweli nao tunataka uwafikie.

Kwa wasiokujua: siku za kazi ulikuwa fundi rangi wa nyumba. Mwisho wa wiki ulikuwa mpimaji na mchoraji wa uwanja wa nyasi ambako watu hurusha visahani vya plastiki na mbwa wao hukimbia kuvidaka hewani. Mbwa akidakia ng'ambo ya mstari wa mbali, anapata pointi nyingi. Akidakia kabla yake, anapata chache. Mstari huo uliuchora wewe. Ulijua uzito wake, ndiyo maana hukumwamini mtu wala kitu.

Hukuiamini hata kamba. Uliifunga kwenye vigingi, ukaivuta, ukaenda zako kama umemaliza, kisha ukarudi ghafla kuivuta tena, eti uifumanie imelegea. Ulipima kona kwa kona, kwa sababu ulisema uwanja unaweza kukuonyesha pande zote ziko sawa na bado umekaa upogo. Rangi mpya uliipaka kwanza mkononi mwako, ukashinda nayo uone kama inawasha, ndipo ukaimwaga kwenye nyasi watakazokanyaga mbwa. Ulizunguka uwanja mzima ukipapasa ardhi kwa vidole vya miguu, ukitafuta mashimo.

"Mbwa hatazami chini," ulikuwa ukituambia. "Anatazama kisahani. Chini nisipotazama mimi, nani atatazama?"

Kisha ulilala kifudifudi na nguo zako za kazi, jicho moja umelifumba, ukiukagua mstari kwa urefu wake. Wapita njia walidhani umezimia.

Na ile tepu yako ndefu ya kupimia, hukumwazima mtu. Mwanao wa kiume alipoitaka apimie kitanda, ulimwambia apime kwa mikono, kwani Mungu amempa miwili. Nilikuambia una mkono wa birika. Ukaikunja, ukairudisha kwenye kigari chako cha rangi.

Sasa siku yenyewe. Binti yetu kitinda mimba na mbwa wake, Kiherehere, walishinda kombe. Wa pili alikuwa Mwokaji, jirani yetu, ambaye mbwa wake alidaka kila kisahani lakini mara nyingi kabla kidogo ya mstari wa mbali. Ulipiga makofi kama watu wengine, ukashika kifua, ukakaa juu ya ndoo ya rangi. Tukakukimbiza hospitali. Huku nyuma Mwokaji akalalamika kwamba mstari uko mbali mno. Refa akaichukua tepu yako kwenye kigari, akapima mbele ya watu wote. Ikaonekana mstari umezidi mita moja nzima.

Unajua maneno yanavyokwenda mbio. Kabla hata hujapewa kitanda, ulishakuwa mzee aliyesogeza mstari ili mwanawe, mwenye nguvu za kurusha, azoe pointi na wenzake waishie njiani.

Binti ndiye aliyekuletea habari asubuhi yake. Ukamuuliza, "Wamepima kwa tepu gani?" Akakujibu, "Yako, baba." Ulicheka mpaka muuguzi akaja kututoa nje. "Nitawaeleza kesho," ulisema, machozi yakikutoka kwa kicheko. Kesho hiyo hatukukukuta.

Kicheko kile kilitutesa. Mtu asiye na kosa hucheka vile? Na mwenye kosa je? Binti aliamua kwamba ulifanya kweli, na kwamba ulifanya kwa kumpenda yeye. Hakumwambia mtu. Alilirudisha kombe kwa wenye chama cha mchezo kabla hawajalidai, wakampa Mwokaji, na yeye binti akaacha kurusha, akavitundika visahani vyake nyuma ya mlango wetu. Kiherehere akawa anashinda pale chini, anavitazama, anatutazama, anapiga miayo.

Mimi niliwashuku wengine. Mwokaji alileta mikate msibani, mikubwa kuliko ile anayoiuza. Nikamwonjesha kwanza kaka yako, nikangoja. Mwenyekiti wa chama alinishika mkono kunipa pole akachelewa kuuachia. Huyu ana lake jambo, nikasema. Refa kila akiniona alivuka barabara. Huyu naye ana lake. Siku moja hakuvuka, akanisalimia vizuri kabisa, na siku hiyo ndiyo nilimshuku zaidi.

Mwezi uliopita nilitaka pazia jipya la sebuleni, kwa ajili ya jamaa watakaokuja kukukumbuka. Nikaichukua tepu yako, nikapima kutoka kwenye fimbo ya pazia hadi sakafuni, nikaenda dukani nikataja kipimo. Nilipolitundika, lilizidi mita nzima, limejilaza chini kama mgeni aliyechoka. Muuza vitambaa yule hajawahi kumwongezea mtu hata upana wa ukucha. Sasa mimi ananitakia nini?

Nikarudi na pazia kwapani. "Kwa nini umenizidishia?"

"Mimi?" alisema. "Mama, tangu nifungue duka hili sijamzidishia mtu. Ningekuzidishia ningeugua."

Akachukua rula yake ya mbao, akakipima kitambaa mbele yangu. Kilikuwa kilekile nilichoomba. Akaitaka tepu. Aliivuta kidogo tu, akanyanyua macho. "Mama, namba ya kwanza hapa ni sentimita mia moja. Mita ya mwanzo iko wapi?"

Tukainamia pamoja. Ncha ilikuwa imekatwa vizuri kwa mkasi, pete ya kushikia imefungwa upya kwa uzi wako wa uwanjani, na hapo karibu kulikuwa na alama za meno madogo.

Hapo ndipo nilipokuelewa, Baba Watoto. Kiherehere alipokuwa mdogo alitafuna viatu vyangu vya kutokea, nikaapa kwamba akitafuna kitu kingine chochote, yeye na kikapu chake watafute pa kwenda. Akatafuna tepu. Ukanificha. Ukaikata, ukaifunga pete, na tangu hapo ukawa unaongeza mita moja kichwani: ukitaka kumi, unavuta mpaka kumi na moja. Hukuwa mchoyo. Ulikuwa unamwokoa mbwa wa mtoto asifukuzwe na mimi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Refa, ambaye siku za kazi ni kinyozi. Nilimkuta amemnyoa mteja nusu kichwa.

"Siku ile ulianza kupima wapi?"

"Kwenye pete, mama. Kila mtu anaanzia kwenye pete."

"Haya, soma namba inayofuata pete."

Akasoma. Akasoma tena, kwa sauti ya chini. Mashine ya kunyolea ikabaki inanguruma mkononi. Mteja akasema, "Jamani, na mimi je?" lakini Refa alikuwa ameshakaa kwenye benchi la wateja.

"Mstari wake ulikuwa sawa," alisema. "Mimi ndiye niliyemvua nguo mzee wa watu."

Jumapili iliyofuata aliyarudia maneno hayo uwanjani, mbele ya kila mtu, na sauti haikumkauka. Mwokaji alilileta kombe nyumbani kwa mikono yake, pamoja na mkate. Bado namshuku kidogo, lakini mkate ule niliukata mimi na kuuonja mimi.

Lakini kabla ya yote hayo, jioni ileile nilipotoka kwa kinyozi, nilimweleza binti yetu. Alinisikiliza amesimama mlangoni, visahani nyuma yake. Habari ya kombe hakuiuliza.

"Kwa hiyo baba hakunisaidia?"

"Hakukusaidia hata kidogo."

"Nilishinda mwenyewe?"

"Wewe na huyo mla tepu wako."

Akakaa chini, akamkumbatia mbwa, akalia kilio ambacho msibani hakukilia. Nilipomsogelea ili nimbembeleze, alinizuia kwa mkono.

"Niache kwanza, mama," alisema. "Baba alikuwa anajua. Amekufa anajua kwamba nimeshinda."

Unakumbukwa na mimi mkeo. Na mwanao fundi baiskeli na mkewe. Na kaka yako. Na wajukuu wawili. Na Kiherehere, tuliyemsamehe. Na binti yako kitinda mimba, ambaye Jumamosi hii anarusha tena.

Kukusahau hatuwezi, Baba Watoto, leo wala siku yoyote.