Godoro la Luciana

Jumatatu, 1 Julai 1996

Semina tena. Paschal, mtoto wa jirani yangu Luciana, ndiye katibu wetu siku hizi, kavaa tai kwenye vumbi lote hili. Anasema wafadhili hawatoi tena mashine kwa kikundi kimoja kimoja. Wanataka ushirikiano. Sisi kina mama wa Kilutheri, Wakatoliki wa Luciana na Waislamu wa Ramla tuwe kitu kimoja, ndipo tupate mashine ya kukamua alizeti. Kitu kimoja! Sisi tuliogombania zamu ya kisima mpaka tukanyimana moto. Nikamuuliza, mjukuu wangu, hao wafadhili walishawahi kuishi ukewenza? Akaandika. Anaandika kila kitu yule.

Lakini mashine naitaka. Tangu ushirika ufe, wenye malori wanakuja na bei yao mfukoni, wanazoa alizeti, halafu mafuta yetu tunayakuta dukani kwenye chupa. Mwaka huu nimekataa kuwauzia. Dereva wao nilimtukana mbele ya watu. Magunia yangu yote yamelala ndani, panya wananishukuru. Mashine isipokuja, ni kumpigia magoti dereva yule yule.

Alhamisi, 4 Julai

Wafadhili wanakuja Jumamosi. Wataanzia kwangu, maana mimi ndiye mwenyekiti wa hicho kitu kimoja. Mwenyekiti mwenye viti viwili, kimoja kimevunjika mguu.

Mgeni haingii nyumba tupu. Marehemu mama alikuwa anaazima hata unga ili mgeni asijue tunalala njaa. Nimemtuma mkwe wangu Dorkas kwa Ramla akaombe mkeka. Ramla kaja mwenyewe, na mkeka, na sahani za maua, na kuku wawili. Anasema, Mama Simeoni, kwa mdomo ule uliomtukana dereva nilidhani na vyombo unavyo. Nikamwambia mali yangu yote iko mdomoni. Akanijibu kwa Kinyaturu, na hilo siliandiki hapa. Tukacheka mpaka Dorkas akaja kuchungulia.

Ijumaa, 5 Julai

Luciana kaleta godoro la sponji. Kalibeba kichwani mchana kweupe, kijiji kizima kimeona. Kaleta na redio, na saa ya ukutani. Saa haitembei lakini inang'aa.

Wanawake wa pande zote tatu wamenisiribia ukuta kwa udongo mweupe. Hakuna aliyeuliza huyu anasali wapi. Sijui ndiyo ushirikiano wenyewe? Semina haikusema habari za kusiriba.

Jumamosi, 6 Julai

Wamekuja. Mama wa Kizungu, mrefu, na kijana wa mjini wa kumtafsiria. Wamekula kuku, ugali wa mtama, maziwa mgando, asali. Wamekula vizuri.

Mama akatazama saa, redio, godoro. Kijana akauliza, hivi vyote ni vyako, bibi? Nikasema vyangu. Ningesemaje? Luciana alikuwa pale mlangoni, akaitikia kwa kichwa. Mzungu akaandika sana. Nikajua anatusifu.

Jumatano, 10 Julai

Paschal karudi toka mjini, tai mfukoni. Shikamoo bibi, kisha akaitoa habari. Wafadhili wamesema kijiji chetu kimeshajiendeleza. Mashine itakwenda kwenye shida zaidi.

Bibi, kwa nini uliwaonyesha godoro?

Ulitaka nimkalishe mgeni kwenye jivu?

Ndiyo, bibi. Ndivyo wanavyopenda.

Nimemfukuza na mwiko. Kabla hajafika zizini nikamwita. Nikamwambia, kesho rudi mjini ukaseme vile vyombo vilikuwa vya kuazima. Anasema, bibi, si aibu? Aibu ni yangu, wewe peleka tu.

Sijala leo. Si kwa kukosa.

Jumatatu, 15 Julai

Wamekubali kuja kuangalia tena. Ni leo. Kila kitu tumekirudisha kwa wenyewe. Nyumba imekuwa kama kinywa changu, mapengo na magunia tu. Paschal amekataza hata chai. Kanionya kama mtoto: bibi, kaa tu, waone.

Gari limekwama kwenye mchanga wa mtoni. Tunalisikia linanguruma. Vijana wamekwenda kulisukuma, na mimi nimeshika kalamu ili mikono isifanye kazi nyingine.

Yule mama atafika ana vumbi mpaka kwenye kope. Na kiu. Dorkas ananitazama. Mama, tukae tu hivi? Nimemwambia tukae. Ndivyo wanavyopenda.

Ramla huyo anakuja kwa njia ya uani. Ana kitu ndani ya kanga, kinapiga mabawa. Nyuma yake Luciana, godoro kichwani. Nimewakemea: rudini, mtatukosesha mashine! Wamesimama pale pale. Ramla kasema tu, Mama Simeoni, mgeni yuko mtoni.

Dorkas ameshakoka moto. Sikumtuma.

Gari limetoka mchangani. Luciana anahema mlangoni, anauliza aliweke wapi. Hapa ndani hapana nafasi, magunia ya alizeti yameziba njia. Ngoja niyasogeze, godoro lipite.