Radi za Kwetu

Hannover, 4 Machi 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya Ujerumani haina adabu.

Uliuliza natafuta nini huku. Ni mtetemo hafifu sana wa anga, uliobaki tangu ulimwengu ulipoanza. Mtambo mmoja hauwezi kuutambua, maana una kelele zake. Ni kama wewe hapo Kegonga na mama kule Kisegi kwa dada yake: ukisikia mngurumo peke yako, labda ni lori la jirani yetu Willis. Mkiusikia nyote wawili, umetoka mbali.

Baba, nimeunganisha data za mitambo miwili, na kuna kitu ambacho yote miwili imekisikia! Kikithibitishwa, shahada ni yangu. Usimwambie mtu kwanza.

Binti yako,
Joyline

Kegonga, 9 Machi

Mwanangu Joyline,

Sisi wazima. Goti limetulia, nadhani ni furaha. Sikumwambia mtu. Nilitangaza kanisani tu, kwamba binti yangu amesikia mbingu. Weee! Akina mama walipiga vigelegele mpaka ikabidi nichinje mbuzi. Mwalimu Monari alikula kama ametumwa.

Mvua imeanza. Juzi radi ilipasua mkaratusi wetu nikiongea na mama yako kwa simu. Redio yangu ikakwaruza, na yake huko Kisegi ikakwaruza papo hapo. Tulicheka sana.

Baba yako,
Maroa

Hannover, 14 Machi

Baba,

Natumai hamjambo. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Siku ile ile niliyosoma habari za redio zenu, msimamizi wangu aliniuliza kama nimeondoa radi kwenye data. Kumbe nguvu ya sumaku ya radi huzunguka dunia nzima na kugusa mitambo yote miwili. Nimepima. Ni radi, Baba, nyingi za Afrika. Sasa naanza upya, niziondoe kwanza. Naona aibu, hasa kwa ajili ya mbuzi. Utawaambia nini watu?

Binti yako,
Joyline

Kegonga, 17 Machi

Mwanangu,

Pole sana, na usilie. Mama yako amerudi na omena wa ziwani, anakusalimia.

Jana nilisimama tena kanisani nikasema ukweli: haikuwa mbingu, ni radi, nyingine za huku kwetu. Nikangoja wanicheke. Bibi Nyatichi akauliza, "Kwa hivyo mtoto yuko Ulaya na anatusikia?" Nikasema ndiyo. Vigelegele tena! Sasa wanadai mbuzi wa pili.

Rudi kazini, mama. Mbingu haijahama. Lakini kabla hujaziondoa hizo radi, zisikilize kidogo. Ni sisi.

Baba yako,
Maroa