Kibati cha Jina Lako

Bruxelles, tarehe 9 novemba

Alphonsine wangu,

Nilirudi Bruxelles siku ya lundi, nyuma ya miaka kumi na moja. Kasino kwenye tulikuwa tunagawa karata siye bane balifunga, sasa banauzisha vitanda. Pale meza yako ilikuwa, mama mumoja alikuwa amelala, anajaribu matelas. Nilicheka, alafu nikashindwa kuangalia.

Bon, Guylain na Cécile ba meza yetu ya zamani balinialika kula frites, vile viazi vya kukaanga, ku Flagey. Guylain sasa anaendesha tram, Cécile anatunza bazee ku Laeken. Tulitaja batu bote ba zamani. Mwishowe nikaulizia habari yako. Cécile akafungua sac, akatosha kibati cha jina lako, kile ulikuwa unavaa ku kifua.

“Aliniachia siku alirudi Bukavu,” akasema. “Aliniambia: umupe siku ataniulizia.” Nikakipokea, nikakitia mu mufuko.

Siku ile uliningojea ku aéroport, Alphonsine, na mimi sikukuya.

Tulipoagana, tulifanya kama zamani tukitoka ku meza ya karata: kupiga makofi mara moja, kugeuza viganja juu, kuonyesha kama hatubebe kitu. Guylain alifanya. Cécile alifanya.

Mimi niliacha mikono mu mufuko.

Ni miye,
Constant