Ile Picha ya Mchangani

Kwa mama yake Madam,
Nyuma ya maduka ya simu,
Sharafiya, Jeddah.
9 Februari 2014

Mpendwa dada yangu Selipher,

Nakusalimu katika jina la Bwana Yesu, ingawa najua hutaki salamu zangu. Kifua chako kimepoa? Na mguu wa shemeji, bado unavimba jioni? Mimi mwili ni mzima. Naamka, nafanya kazi, nalala. Zaidi ya hapo usiniulize.

Naandika kwa karatasi kwa sababu umenifungia simu. Anakuletea Jerioth, mama wa Taita anayefanya kazi hapa kwa mama yake Madam. Mkataba wake umeisha, anaruka kesho kutwa. Nimemwomba akutie barua mkononi, asimwachie mtu. Nakuomba uisome yote, halafu uichome ukitaka.

Nataka kukueleza ile picha.

Uliniandikia, "Mama tunamshusha kaburini na wewe unacheza mchangani na Waarabu. Usinijue tena." Nimeyasoma hayo maneno mpaka nimeyashika kama fungu la Biblia. Kwa kile jicho lako lilichoona, una haki. Lakini sikujua, Selipher. Mbele za Mungu nasema, siku ile sikujua kwamba Mama hayupo.

Unamjua Japheth wa kanisani kwetu, aliye dereva wa majirani zetu kule Riyadh. Ulipompigia ile Jumanne alikuja getini mbio. Mimi nilikuwa juu nakunja matandiko ya safari. Mwanamume wa nje haruhusiwi kuongea na mfanyakazi wa ndani, kwa hiyo habari alimpa Madam. Madam akashika kifua, akamwambia, "Rosa ni kama dada yangu, nitamwambia mwenyewe, wacha kwanza ale." Rosa ndiyo mimi, ndivyo wanavyoniita huku.

Hayo maneno ya kula ndiyo yalimtuliza Japheth. Si unajua kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa na njaa? Akaona huyu mama ana utu, anafuata kama tunavyofuata sisi. Akakupigia akakwambia nimeshaambiwa. Usimlaumu. Amenililia kwenye simu kama mtoto.

Jioni hiyo Madam alinipa kuku mzima, akakaa akiniangalia nikila. Nilipomaliza aliniomba simu. Alisema jangwani hakuna mtandao na mchanga utaiharibu. Akaizima, akaitia mkobani mwake.

Asubuhi tukaondoka. Ilikuwa likizo ya shule, na hapa wakati wa baridi watu huhama na familia wakalale jangwani kwenye mahema, ndiyo raha yao. Baba mwenye nyumba na Madam walikaa mbele, watoto watatu katikati. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na magodoro, masufuria, na kondoo aliye hai amefungwa miguu. Lami ilipoisha Baba alishuka akapunguza upepo kwenye tairi zote nne ili gari lisizame. Basi likaanza kupanda vilima vya mchanga mwekundu, na kila likishuka kondoo ananiangukia. Watoto walikuwa wanageuka kutazama. Lujain, wa miaka kumi na miwili, alisema Rosa na kondoo wana macho sawa. Gari zima likacheka. Na mimi nikacheka, maana hakusema uwongo.

Siku ya tatu kondoo alichinjwa, nikabaki peke yangu kule nyuma.

Kazi ilikuwa ya kawaida. Kupiga hema, kung'oa hema, kuwasha makaa, kahawa, kuosha sahani kwa mchanga ndipo zipitishwe kwa maji kidogo. Gari lilipozama nilichimba kwa mikono pamoja na Baba, na yeye anasema yalla Rosa, yalla. Lakini Madam, dada yangu, alikuwa amebadilika. Nyama nzuri alinichagulia kwa mkono wake. Kulipokuwa na baridi akanipa koti lake la zamani. Siku moja alinikataza kuamka mapema, akapika chai mwenyewe akaniletea. Mwaka na nusu hajawahi.

Niliona Mungu amejibu maombi. Nilikuwa najifunika blanketi uso mzima, namshukuru Mungu kwa ajili ya Madam. Nilimwomba ambariki yeye na kizazi chake. Usiku kumi nimemwombea huyo mtu, Selipher, na Mama yuko mochari.

Sasa ile Jumamosi. Baada ya chakula cha mchana watoto walitaka kunizika. Ni mchezo wao, unachimba shimo, mtu anaingia, anafukiwa hadi shingoni, ukimwona ni kichwa tu kimewekwa chini. Mara nyingine humfanyia baba yao. Siku hiyo Baba alikuwa amelala. Madam alisita, nilimwona akisita, halafu akasema haya, mchekesheni.

Nikaingia. Mchanga wa juu ulikuwa na joto, wa chini baridi. Walinimwagia kwa sufuria. Yule mdogo akaniwekea kijiko kichwani, akasema hii ni taji ya malkia Rosa. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na mikono imefukiwa siwezi kujipangusa, wakazidi kucheka. Simu ya Lujain ilikuwa imeisha chaji, mama yake akawasha yangu akampa apige picha.

Ilikuwa saa saba na dakika. Saa zetu na zenu ni moja. Jerioth ndiye aliyenionyesha picha imeandikwa saa. Ninyi mlikuwa mnafanya nini saa saba?

Jioni tulisimama kwenye kituo cha petroli, mtandao ukashika. Lujain aliona jina lako juu, meseji nyingi zimeingia mfululizo, akadhani dada yangu ananisalimia. Akakutumia picha ufurahi. Akaweka na vile vikopa vyekundu vya mapenzi. Haelewi Kiswahili. Amenieleza yote mwenyewe, akijua alinifanyia wema.

Jumapili tulifika hapa Jeddah nikarudishiwa simu. Nilisoma nikiwa nimesimama jikoni. Nilianza na picha yangu, ndipo neno lako, ndipo nikapanda juu, moja baada ya nyingine. Kwamba umelipia mochari siku zaidi kuningoja. Kwamba pasta ameuliza. Kwamba tuko wawili tu na hutaki kutupa mchanga peke yako.

Madam alikuja akanikuta chini. Wala hakukataa. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelewesha mgonjwa.

"Mtu akifa anazikwa siku hiyo hiyo. Mimi nilijua amezikwa Jumanne. Ungelia jangwani, ungemfufua? Nimekupa siku kumi za furaha, Rosa."

Nikamwambia kwetu mtu hazikwi kabla wanawe hawajafika, kwamba Mama alikaa siku kumi na mbili akiningoja. Akarudi nyuma hatua moja. Alinitazama kwa kinyaa, dada. Akasema haramu, mnamwacha mama yenu siku kumi na mbili bila kumsitiri, nyinyi ni watu wa namna gani. Halafu akaniambia ninawe uso, wageni wa mama yake wako mlangoni. Jerioth ndiye aliyebeba sinia za kahawa.

Kuhusu kuja nyumbani. Karatasi ya kutoka alikuwa ameniahidi Machi. Sasa anasema kwa kuwa Mama ameshazikwa hakuna haraka, nikae mpaka Ramadhani ipite. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, iko kwa Baba, na Baba husema muulize Madam.

Nilikuwa nimekung'uta ile nguo ya siku ile, nikafunga mchanga kidogo kwenye kitambaa ili Jerioth akuletee umtupie Mama kwa niaba yangu. Usiku nimeumwaga chooni. Mchanga ule usimguse.

Jambo ninalokuomba ni hili. Usisakafie kaburi. Fundi akija mwambie angoje mpaka nifike. Mvua ikilibomoa, nitalijenga upya kwa mkono wangu.

Na lingine, dogo. Ulipokuwa hujanifungia, picha yako ya simu ilikuwa ya Mama, amevaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, anakunja jicho kwa jua. Mimi sina nyingine. Uliponifungia ilitoka, pakabaki kivuli cha kijivu. Sikuombi unipigie. Nifungulie tu, ukae kimya miaka kama utapenda. Kila alfajiri kabla sijawasha jiko naangalia kama Mama amerudi.

Nisalimie shemeji, na Titus mwanao, na binti yangu Emmah hapo kwako. Usimwonyeshe hiyo picha. Kama ameshaiona, msomee barua hii. Mwenyezi Mungu awafunike, na Mama alale pema aliko.

Ni mimi mdogo wako akupendaye hata ukinikana,
Rosebellah