Matope ya Mwisho Kutoka Pangoni

Mpendwa kaka Mburu,

Nakuandikia nikiwa kazini. Maitu amekuja hapa maabarani Thika. Ndiyo, mama yetu.

Unakumbuka alivyotupata kwenye maji ya kwari, yale machimbo ya mawe kule Ruiru, ukijifunza kuogelea? Alituchapa hadi nyumbani, nawe ukacheka njia nzima. Ulipopata kazi ya kupiga mbizi, ulinipeleka kula nyama choma Kamakis, ukasema huku ukitafuna mbavu, "Wewe soma hao bakteria wako. Matope yao nitakuletea."

Siku ile kule pwani nilikaa kwenye mdomo wa pango lililojaa maji ya bahari. Mfuko wa mirija ya kuchotea matope ulifungwa kwenye ncha ya kamba, nawe uliishika hiyo kamba ikuonyeshe njia ya kurudi, mimi nikishika ncha ya pili. "Leo naingia ndani zaidi, sista. Matope ya huko hayajaguswa."

Ulivuta kamba mara moja, ishara kwamba uko sawa. Kisha maji yakageuka rangi, yakawa kama chai ya maziwa. Tope lilikuwa limetibuka. Kamba ikalegea. Nilivuta nikiita jina lako mpaka sauti ikakauka. Mfuko ukaja, mirija imejaa. Wewe hukuja. Wenzako walikutoa kesho yake.

Kwenye mazishi Maitu aliniambia mbele ya watu, "Hayo matope yamekula mtoto wangu. Yatupe!" Nilikataa. Tukaacha kuongea. Mirija ikakaa kwenye friji, nami nikiogopa hata kuigusa.

Wiki hii nimeifungua. Ilinuka mayai viza. Ndani yake, kaka, wamejaa viumbe wasioonekana kwa macho, waliozoea giza tupu. Wako hai! Nikampigia Maitu. "Njoo uone alichotuletea Mburu." Alikata simu.

Leo asubuhi akaingia, amevaa kitambaa cha kanisa. Hakunisalimia. Aliinamia hadubini.

"Hivi vinavyocheza ndivyo?"

"Ndivyo, Maitu."

"Na huko chini vinapumua nini?"

"Havihitaji hewa."

Hakuinua kichwa. "Mburu aliihitaji."

Nikamwekea mkono begani, nikingoja ausukume. Hakuusukuma. Bado ameketi hapa kando yangu, macho mekundu, na sasa hivi ameniambia, "Nionyeshe na mrija mwingine."

Pumzika, kaka. Wacha nimfungulie.

Dadako mdogo,
Wanja