Feni ya Mishale Miwili

Jumatatu, 11 Machi

Seva yangu, ile kompyuta ya kuhifadhia video, imezidi. Zamani ilikuwa inavuma tu, leo feni yake inasaga kama mtu anatafuna kokoto. Nimerudi kazini nikamkuta shemeji, kaka wa mke wangu, amekaa kitandani macho mekundu. Tunaishi chumba kimoja, yeye yuko zamu ya usiku kiwanda cha mikate, mchana ndio usiku wake. Kaniambia nichague: niishi na yeye au na hilo dude. Nikamjibu dude halijawahi kunimalizia sabuni. Hakucheka.

Sizimi ng'o! Humo ndani yumo binti yangu mzima. Nilisafiri akiwa tumboni, sasa ana miaka minne. Mama yake anamrekodi, anatuma, video zinaingia humo. Simu zetu zote mbili, yangu na ya mama yake, ni ndogo, tunafuta kila wiki. Kwa hiyo hakuna nakala mahali pengine. Ikifa seva, itakuwa kama mimi mtoto wangu sijawahi kumwona akitambaa.

Jumanne, 12 Machi

Saruji kutwa nzima. Mgongo si wangu. Lakini nimepita kwa dada fundi simu, yule aliyenifufulia seva hii nilipoipata kwenye ofisi tuliyobomoa. Nikamwigizia mlio wake kwa mdomo. Kacheka mpaka kaweka bisibisi chini, kaniomba nirudie wateja wasikie. Kisha akasema feni imechakaa, ikisimama, diski zinazobeba video zitaiva humo ndani. Ataniletea mpya Ijumaa. Nifunge mwenyewe, mwanaume mzima nisiogope skrubu nne.

Skrubu nne tu! Nimeishia darasa la sita, lakini skrubu naziweza.

Alhamisi, 14 Machi

Shemeji kaifunika seva kwa blanketi ili alale! Nimerudi nikaigusa — moto kama pasi! Tumetupiana maneno ambayo siandiki. Blanketi nimelitupa nje. Hatusemezani.

Jumamosi, 16 Machi

IMENYAMAZA!

Nimetoka kazini saa sita, nimeoga, nimetandika gazeti sakafuni kama daktari. Nikafungua kifuniko. Vumbi la kujaza kofia! Feni ya zamani nikaizungusha kwa kidole, ikalia krrr, nikaitukana. Mpya, aliyoniletea dada fundi jana, ina mishale miwili ubavuni. Hiyo naijua, maboksi ya vigae tunayobeba yana mshale, maana yake upande huu uwe juu. Nikauelekeza mmoja juu, wa pili ukabaki unaangalia ndani, skrubu nne, waya ndani, nikawasha... Kimya! Nikadhani haijawaka. Nikaweka kiganja nyuma, upepo sikuusikia vizuri, lakini mapanga yanazunguka. Nimecheka peke yangu kama chizi.

Shemeji kalala fofofo mpaka jioni. Kaamka kaniambia neno la kwanza tangu Alhamisi: "Limekufa?" Nikamwambia liko hai kuliko wewe. Kacheka! Kanipa mkate wa moto kutoka kazini kwake, wa jana lakini eti wa moto.

Jumapili, 17 Machi

Asubuhi nimeangalia joto la seva kwenye simu. Sitini na moja! Kawaida ni arobaini. Nikampigia dada fundi. Kaniuliza mshale wa upepo nimeuelekeza wapi. Nikamwambia sijui ni upi, mmoja niliuweka juu. Halafu kicheko. "Kaka, hilo si boksi la vigae!" Kumbe mshale mmoja unaonyesha feni inavyozunguka, wa pili upepo unakokwenda, nao ulitakiwa utoke nje. Mimi nilikuwa naurudisha ndani usiku kucha.

Nimegeuza. Dakika tano! Hamsini na tano, arobaini na nane, arobaini na mbili — nashangilia kila namba kama goli, shemeji naye anashangilia, hajui hata tunashangilia nini.

Mchana taa ya diski ya kwanza ikawa nyekundu. Ya pili inawaka njano. Dada fundi safari hii hakucheka. Kasema moja imekwenda, nyingine, yenye video zilezile, haijulikani itahimili saa ngapi zaidi, nihamishe haraka, nianze na zile nisizoweza kuishi bila. Nikaanza kuchagua. Ya kutambaa au ya jino la kwanza? Ile anayoniita baba akiongea na simu iliyozimwa? Sikuweza kuchagua.

Shemeji kauliza ni lile blanketi? Nikasema ni blanketi na mshale, tugawane. Akatoa simu yake, ile kubwa anayoilipia bado. Anafuta. Video zake zote za mpira, nyimbo zake, picha za binti mmoja wa kiwandani anayempenda. Nikamwambia shemeji, hizo acha. Kasema nyamaza, unganisha waya.

Zimehamia kwenye simu yake asilimia kumi na nane. Nimeweka kiganja nyuma ya feni kuhakikisha upepo unatoka nje. Unatoka.

Thelathini na moja. Gari la zamu yake limepiga honi mara mbili. Anaitazama ile namba, simu yake haichomoi. Hajavaa hata viatu.